Mtazame Fundi Kabla ya Lipu

Mtu akitafuta fundi wa kumjengea, mara nyingi huoneshwa nyumba iliyokwisha: rangi imekolea, vigae vinang'aa, geti limesimama. Anapendezwa, anauliza bei. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na nyumba ya namna hiyo hainiambii kitu kuhusu aliyeijenga. Lipu husitiri mengi.

Omba kupelekwa kwenye boma ambalo fundi analijenga sasa hivi. Nenda na timazi. Angalia kona: tofali zimefungana, au zimepandana tu, mshono juu ya mshono? Kwenye maungio saruji imejaa, au unaona mwanga wa upande wa pili? Kwenye lenta, kuna matundu ambamo nondo zinachungulia? Kisha mvute mwenye boma pembeni, umuulize kama fundi huja kazini mwenyewe au huwaachia vijana. Wapo hodari wa kweli wenye saiti nyingi kiasi kwamba utakayemwona kila siku ni saidia fundi.

Cheti cha VETA ni ushahidi mzuri, ila hakichukui nafasi ya boma. Kwa ghorofa sina mjadala: tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na michoro ya mhandisi. Kibali cha ujenzi cha halmashauri kifuatilie wewe, usimwachie fundi.

Sasa malipo. Wengi wetu tunanunua vifaa wenyewe, fundi anauza nguvu na ujuzi. Mpango huu una mtego wake: saruji si yake, kwa hiyo ikipotea haimuumi, muda ni wake, kwa hiyo ana haraka. Ukimlipa kwa siku, kazi itavutwa. Ukimlipa nusu ya hela mapema, utamtafuta kwa simu. Mlipe kwa hatua, na kila hatua ikaguliwe kabla ya kitu kufunikwa: mtaro wa msingi kabla ya zege, nondo kabla ya zege, mabomba ya maji na umeme kabla ya lipu. Aandike na kusaini kwamba hafuniki mpaka umeona. Posho ya kila siku ya vijana ipo, mpe, lakini iandikwe na ikatwe kwenye malipo ya hatua.

Siku ya zege usikose. Mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, mfuko huo unataka mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, na kokoto ndoo saba. Maji ni ndoo moja na ushee, yanapungua kama mchanga umelowa. Vijana wataongeza maji, kwa sababu zege jepesi halichoshi mkono. Hapo ndipo nguvu yake inapopotea. Ukiwa Dar es Salaam au popote pwani, yaonje maji ya kisima kwanza: chumvi hula nondo. Nondo nazo zisilale juu ya mbao. Ziinuliwe kwa vipande vidogo vya zege ili zifunikwe pande zote.

Zege likishakauka juu, bado linahitaji kumwagiliwa siku 7 kwa uchache. Kazi hii kwa kawaida haina mwenyewe. Fundi anadhani ni ya mlinzi, mlinzi hajaambiwa. Itajwe kwenye mkataba, na jina la mtu.

Bakiza asilimia 5 au 10 ya ufundi mpaka masika moja ipite juu ya bati. Patana naye tangu mwanzo, maana ukimshtukiza mwishoni ataona umemdhulumu.

Mkishindwana katikati, pimeni kazi iliyofanyika mkiwa wote wawili, mwandike, mlipane, ndipo umlete mwingine. Fundi mpya hasifii kazi ya aliyemtangulia, atataka kubomoa. Kabla hajagusa nyundo, mlipe mhandisi aje alitazame boma.