Hamburg: salamu fupi, meza na adabu za mji wa bandari

Mgeni anayeingia Hamburg akitokea Mombasa au Dar es Salaam hatashangazwa na bandari. Winchi, makontena, sauti ya shakwe na ving'ora vya meli, hayo yote anayajua. Kitakachomshtua ni salamu. Ataingia dukani, muuzaji atainua macho na kusema "Moin", basi. Haulizwi habari za nyumbani wala za safari. Wengi wetu hapo hununa kimoyomoyo, tukidhani tumedharauliwa. Hatujadharauliwa. Mtu wa Hamburg haiweki heshima yake kwenye urefu wa maneno. Anaiweka kwenye kutunza saa, kwenye kusema jambo lilivyo, na kwenye kutomsumbua jirani. Atakayelijua hilo mapema ataufurahia mji huu, nao ni mji wa kufurahisha kweli: una watu karibu milioni 1.9, ni wa pili kwa ukubwa Ujerumani baada ya Berlin, umejengwa kando ya mto Elbe kiasi cha kilomita 100 kutoka baharini, na una madaraja zaidi ya 2,000.

Tuanze na hiyo "Moin". Hutamkwa "moyn", na hufaa asubuhi, mchana na usiku wa manane, kwa polisi, kwa mzee na kwa dereva wa basi. Ijibu vivyo hivyo. Wapo wenyeji wanaoona kwamba hata kuirudia mara mbili ni kupiga soga. Lakini usiiache kabisa, kwa sababu kuingia duka dogo au chumba cha kusubiri cha daktari bila kusalimu ni utovu wa adabu hata kwao. Ukiondoka sema "Tschüs".

Kijerumani kina namna mbili za kumwambia mtu "wewe". "Sie" ni ya mtu mzima usiyemjua, na "du" ni ya rafiki, ndugu na mtoto. Mgeni aanze na "Sie" kila mahali, amsubiri mwenyeji, hasa aliyemzidi umri, atoe mwenyewe ruhusa ya "du". Maofisini Hamburg utasikia watu wakiitana kwa jina la kwanza huku wakiendelea na "Sie". Ni desturi inayojulikana kwa jina la mji huu, na usidhani wamechanganyikiwa.

Matamshi hayatusumbui sana. Herufi w husomwa kama v, v aghalabu husomwa kama f, z ni ts, na ei ni "ai". Mtu wa pwani aliyezoea kusema "kheri" kwa kh ya kooni ana faida, kwani ndiyo sauti ya mwisho katika "Bach" na ya katikati katika "Nacht". Ile ü ya "Tschüs" inapatikana ukikaza midomo kama wa kusema u, kisha ukasema i. Vijana wengi na watu wa hoteli wanajua Kiingereza, lakini anza na "Entschuldigung", yaani samahani, kisha uliza kama wanakijua. Ukimvamia mzee kwa Kiingereza kana kwamba analazimika kukijua, atakujibu, ila utaona uso umebadilika.

Penye hatari ni saa. Ukiambiwa mkutane "halb drei", usiende saa tatu na nusu kwa hesabu yao. Maana yake ni nusu ya kuelekea ya tatu, yaani 14:30, ambayo kwetu ni saa nane na nusu mchana. Mtu wetu anayehama kila siku kati ya saa za Kiswahili na za Kiingereza hapo ana mfumo wa tatu wa kuukumbuka, kwa hiyo mwombe mwenyeji aiandike kwa tarakimu. Na ukishaipata, fika. Kuchelewa dakika tano kunasameheka. Ukiona zitapita kumi, piga simu ueleze, kwa maana kumweka mtu akusubiri ni kumnyang'anya kitu chake, na ndivyo watakavyolichukua.

Sasa chakula. Hamburg ni mji wa samaki, na mlo wa kwanza wa kuutafuta ni Fischbrötchen, mkate mdogo mgumu kidogo kwa nje uliotiwa samaki, vitunguu na achari ya tango. Huuzwa katika vibanda vya gatini Landungsbrücken, huliwa kwa mkono, umesimama, ukiangalia meli. Jihadhari na shakwe, maana hupokonya kweli. Aliyekaa mezani aagize Pannfisch, samaki wa kukaanga kwa viazi na mchuzi wa haradali. Labskaus ni chakula cha mabaharia wa zamani: nyama ya chumvi iliyopondwa na viazi na kiazisukari chekundu, juu yake yai la kukaanga, pembeni samaki wa kuchachuliwa. Rangi yake humkimbiza mgeni, lakini ladha ni nzuri kuliko sura. Asubuhi nunua Franzbrötchen, andazi la mdalasini lililobanwa katikati hadi sukari ikaungua kidogo pembezoni. Mimi naliweka juu ya vitafunwa vyote vya Ujerumani.

Msomaji Mwislamu, na yeyote asiyekunywa, asome aya hii kwa makini, kwa kuwa hatari hapa zimejificha kwenye majina. "Alsterwasser" ina neno la maji ndani yake, nayo ni bia iliyochanganywa na soda ya limau. "Pharisäer" huletwa kama kahawa yenye krimu juu, lakini chini ya krimu kuna ramu. "Tote Tante" ni hivyo hivyo, ila kwa kakao. Bia iliyoandikwa "alkoholfrei" inaweza kuwa na kilevi kidogo. "Mett" unayoiona asubuhi juu ya mkate, nyekundu na vitunguu vibichi, ni nyama ya nguruwe isiyopikwa. Maneno ya kuyatafuta kwenye orodha ya chakula ni Schwein, Speck na Schinken, yote ya nguruwe, na Labskaus yenyewe uliza imepikwa kwa nyama gani. Anayetaka halali bila mashaka aende barabara ya Steindamm, mtaa wa St. Georg, hatua chache kutoka stesheni kuu. Imejaa migahawa na maduka ya Waturuki, Waafghani na Waarabu, na jirani yake kuna msikiti wa Centrum ambao minara yake imepakwa michoro ya kijani na nyeupe.

Kwenye mgahawa wa kawaida unajitafutia meza mwenyewe. Meza yenye kibao "Reserviert" ina mwenyewe, na yenye kibao "Stammtisch" ni ya wateja wa siku zote, hata ikiwa tupu usikae. Mahali palipojaa inaruhusiwa kuomba kiti kwenye meza ya watu wengine. Mtasalimiana, kisha kila mtu na sahani yake, na hakuna anayelazimika kuzungumza. Maji ya bomba ni salama kabisa, lakini mgahawani maji huuzwa, na usipotaja "still" utaletewa yenye gesi. Kula kwa kisu na uma, mikono ikionekana juu ya meza. Usianze kabla wote hawajapata sahani na mmoja hajasema "Guten Appetit". Mkigonganisha glasi, ziwe za juisi au za bia, mtazame kila mmoja machoni. Kwetu kijana huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa heshima. Huku macho yanayokwepa hufikiriwa yanaficha jambo.

Kulipa ndiko kunakotutoa jasho. Ukitoa ishara, mhudumu anasimama kando ya meza na pochi kubwa nyeusi na kuuliza: "Zusammen oder getrennt?" Pamoja, au kila mtu na yake? Wenzako wa Kijerumani watasema "getrennt", kisha mbele ya macho yako kila mmoja atataja alichokula, hata kahawa yake moja, na mhudumu atajumlisha hapo hapo bila kukunja uso. Kwetu aliyesema "twende tukale" ndiye mlipaji. Kwao, asiyetamka waziwazi kwamba anakualika kwa gharama yake hajakualika kwa gharama yake. Si ubahili. Hawataki kumwachia mtu deni la fadhila asiloliomba, na ukiizoea desturi hiyo utaona ina unafuu wake: unaweza kutoka na marafiki hata siku mfuko umekauka, ukanywa chai tu, na hakuna atakayekutazama vibaya.

Bakshishi haiachwi mezani. Unaitaja. Tuseme bili ni euro 27.40, nao wataandika 27,40 kwa mkato badala ya nukta. Unampa noti ya 50 na kusema "dreißig", thelathini, naye anakurudishia 20. Kati ya asilimia tano na kumi inatosha, kwani mshahara wake haumtegemei mteja kabisa. Ila angalia: ukimkabidhi noti huku unasema "danke", ataelewa kwamba chenji ni yake. Shukuru baada ya kuipokea. Na uwe na fedha taslimu, kwa sababu vipo vibanda na mikahawa isiyopokea kadi za kigeni mpaka leo.

Jumapili maduka yamefungwa. Siku hiyo ya mapumziko inalindwa na katiba yenyewe, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi, la sivyo utategemea maduka ya stesheni. Siku hiyo pia usitoboe ukuta, usipige muziki kwa nguvu, usitupe chupa kwenye pipa la vioo. Kila siku, kuanzia saa nne usiku, nyumba ziwe kimya. Ajabu ni kwamba Jumapili hiyo hiyo, alfajiri, watu hao wapole hukusanyika Fischmarkt, soko lililoko hapo tangu 1703, na wachuuzi wake hupiga kelele ambazo Kariakoo wangezitambua. Mmoja anajaza kapu nanasi, ndizi na maembe huku akitaja bei inayoshuka, mwingine ananing'iniza samaki mkavu juu ya vichwa vya watu. Majira ya joto huanza saa kumi na moja alfajiri, majira ya baridi saa moja, na kufika saa tatu na nusu asubuhi kila kitu kinafungwa. Ukikosa vyote Hamburg, usikose soko hilo.

Njiani, usitembee kwenye njia ya baiskeli, ambayo aghalabu imepakana na ya waenda kwa miguu. Usivuke taa nyekundu hata barabara ikiwa nyeupe, hasa penye watoto, maana mama mmoja atakukemea mbele ya watu wote, na atakuwa na haki. Vituo vya treni havina vizuizi, lakini atakayekutwa hana tiketi hulipa faini ya euro 60, na ugeni si utetezi. Kwa tiketi hiyo hiyo ya treni unapanda kivuko namba 62 kutoka Landungsbrücken hadi Finkenwerder, ukaiona bandari yote kwa bei ya basi. Ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe kwanza.

Ukialikwa nyumbani, umepewa heshima kubwa, kwani hawaaliki ovyo. Nenda kwa saa iliyotajwa na maua au kitu kidogo cha kwenu. Vua viatu ukiona wenyeji wamevua. Usimpongeze mtu kwa siku ya kuzaliwa kabla haijafika, hata kwa saa chache, kwani wanaamini huleta nuksi. Na kupiga hodi bila kutoa taarifa, jambo ambalo kwetu ni upendo, huko humtia mtu fadhaa.

Mazungumzo yakikolea, usiogope kuuliza habari za zamani. Watu wa Hamburg hawakwepi. Wafanyabiashara wao walifika Unguja mapema, na mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilitia saini mkataba na Zanzibar. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, aliolewa na mfanyabiashara wa hapa, Heinrich Ruete, akahamia naye 1867, akafiwa naye 1870 katika ajali ya tramu, akabaki ugenini na watoto wadogo watatu. Kumbukumbu zake zilichapishwa 1886, na kaburi lake liko Ohlsdorf, makaburi mapana kiasi kwamba mabasi ya mji hupita ndani. Treni za U1 na S1 zinafika hapo.

Uliza pia kuhusu sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani wa enzi za ukoloni, iliyosimamishwa Dar es Salaam 1909, mahali ilipo leo Sanamu ya Askari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilisafirishwa, na 1922 ikawekwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi waliiangusha 1968. Tangu 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada, na wapo wakazi wengi wanaotaka kusikia Mtanzania anasemaje kuhusu ukoloni wa babu zao. Watakuuliza bila kuzunguka. Nawe wajibu bila kuzunguka, kwa sababu jibu la kupakwa asali watalitilia shaka, na la kweli, hata liwe chungu, watakushukuru kwalo.