Macho ya Wazee Wetu

Mzee aliyezoea kujisomea barua zake siku moja humwita mjukuu amsomee, akisema maandishi ya siku hizi ni madogo mno. Baadaye humimina chai nje ya kikombe, na jioni hataki tena kutoka nje. Nasi watu wa nyumbani twasema, "Ni uzee tu." Neno hilo "tu" limewaacha gizani wengi ambao wangaliweza kuona.

Nuru ya macho hupungua kidogo kidogo, na jicho zima hulifichia siri lile bovu. Hata mtu aweza kupofuka jicho moja asitambue, mpaka siku atakapoziba lile jingine. Kwa hiyo yafaa mzee ajapo zahanati, hata kama amekuja kwa ajili ya kikohozi au goti, apimwe macho pia.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Ubao wa herufi, ambao asili yake ni kazi ya Herman Snellen, daktari wa Uholanzi, mwaka 1862, hutundikwa penye mwanga mwema, na mzee huketi mbali nao mita 6. Huziba jicho moja kwa kiganja pasipo kulibonyeza, kisha jingine. Asiyejua kusoma hana sababu ya kuona haya: uko ubao wa herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye huonyesha kwa vidole miguu yake yaelekea wapi. Akiambiwa ana 6/60, maana yake ameona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima angekiona kwa mita 60. Ndipo hupewa kadi yenye tundu dogo achungulie. Akiona vizuri zaidi, huenda miwani itamfaa. Asipopata nafuu, pengine ni mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyo ndani ya jicho imefanya ukungu. Hapo dawa ya matone haifai kitu. Daktari huitoa lenzi hiyo na kutia nyingine ya kutengenezwa, na kwa kawaida kazi hiyo haifiki saa moja.

Lakini ubao huo una upofu wake. Glakoma aghalabu hula nuru kuanzia pembeni, na mgonjwa aweza kusoma herufi ndogo kabisa hali mshipa wa jicho umekwisha kuharibika. Nuru iliyopotea hivyo hairudi. Iliyobaki huweza kulindwa.

Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa Marekani lilisema kwamba ushahidi haujatosha kupima faida na hasara za kuwapima kuona wazee wasiolalamika. Twalipokea neno hilo kwa heshima. Hata hivyo twaona kuwa pale ambapo daktari wa macho yu mbali, kungoja mzee alalamike ni kungoja mno. Bali kumpima, kisha kumrudisha nyumbani bila kumwambia aende wapi, si kazi. Naye atakayempeleka hospitali na amwambie daktari kama katika ukoo wao yuko aliyepata glakoma, ili achunguzwe mpaka nyuma ya jicho.