Ndege ya kwanza ya kurusha kwa redio: Chagua inayoweza kuanguka na kuruka tena

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

MTU anayetaka kuanza mchezo wa kurusha ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: anunue ndege ya aina gani? Picha za matangazo humvuta kwenye ndege zenye sura ya kivita, kama vile Spitfire na Mustang za Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wengi hununua kwa macho, na wengi huishia kukusanya vipande baada ya dakika chache za kwanza angani.

Ukweli usioandikwa kwenye boksi ni kwamba ndege ya kwanza itaanguka. Itaanguka kwa sababu anayeirusha bado anajifunza, si kwa sababu imetengenezwa vibaya. Kwa mkazi wa Mpanda, ambako kipuri kilichoagizwa husafiri kwa siku nyingi kwa basi, au kwa treni kupitia Tabora na Kaliua, jambo la kuangalia kwanza si uzuri wala kasi. Ni kama ndege hiyo inaweza kutengenezwa nyumbani jioni na kuruka tena asubuhi.

Bawa liwe juu

Mkazi wa Katavi hana haja ya kwenda mbali kuona mfano mwema. Ndege za Bombardier Q400 za Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) na ndege ndogo za Cessna Caravan, zinazotumika sana kuwapeleka watalii kwenye hifadhi, zote zina bawa lililokaa juu ya kiwiliwili. Ndege ya mwanafunzi inafaa iwe na umbo hilo hilo.

Bawa la juu, ambalo ncha zake zimeinuliwa kidogo kama mikono ya mtu anayeomba dua, husaidia ndege kujirudisha sawa inapolala upande. Mwanafunzi akichanganyikiwa, mara nyingi inatosha kupunguza nguvu ya mota na kuachia vijiti vya rimoti, kisha ndege hujisawazisha yenyewe ikiwa bado ina kimo cha kutosha. Ndege ya kivita yenye bawa la chini haina huruma hiyo. Ikilala hubaki imelala, na ikipunguzwa kasi kupita kiasi, bawa moja huweza kukata tamaa ghafla na kuivuta ndege chini.

Urefu wa bawa kutoka ncha hadi ncha unaofaa ni kati ya mita 1.2 na 1.5. Ndege fupi zaidi ya hapo ni rahisi kubeba, lakini huyumbishwa na upepo mdogo na hupotea machoni upesi.

Povu badala ya mbao

Kwa miaka mingi ndege za mchezo huu zilijengwa kwa vijiti vya mbao nyepesi ya balsa na kufunikwa kwa karatasi au plastiki. Ni kazi ya kupendeza, lakini mwanguko mmoja huharibu kazi ya wiki kadhaa. Siku hizi ndege za wanafunzi zinatengenezwa kwa povu gumu, jamaa wa lile linalozuia televisheni isigongwe ndani ya boksi lake, ila lenye unyumbufu zaidi.

Povu likivunjika huunganishwa kwa gundi, huimarishwa kwa kijiti cha mishikaki na kuzungushiwa selotepu. Tahadhari moja inahitajika: baadhi ya gundi kali za dukani huyeyusha aina fulani za povu, hivyo ni busara kuijaribu gundi kwanza kwenye kipande kidogo kisicho na kazi.

Propela nayo inastahili kuangaliwa. Ndege ambayo propela yake iko nyuma ya bawa hupona mianguko mingi, kwa kuwa kinachogonga ardhi ni pua ya povu na si mota. Mtindo huu si wa wanafunzi peke yao. Mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kwa ushirikiano na Benki ya Dunia, walianza kazi ya kupiga picha visiwa vyote kutoka angani. Walitumia ndege zisizo na rubani aina ya eBee, na vijana wa chuo hicho walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Ndege hiyo ya povu ina mabawa ya sentimita 96, uzito wa takriban gramu 700 na propela nyuma, na hutua kwa tumbo kwenye nyasi. Iwapo watu wa kazi walichagua povu, mwanafunzi hana sababu ya kulidharau.

Hewa ya Mpanda si ya pwani

Jambo moja husahauliwa na wanaosoma maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10, na joto la mchana huipunguza zaidi. Bawa hupata hewa kidogo ya kuegemea, hivyo ndege ile ile lazima iende kasi zaidi kidogo ili isianguke, na propela husukuma kwa nguvu pungufu.

Dawa yake ni kuchagua ndege nyepesi kwa ukubwa wake. Hesabu si ngumu. Ndege yenye bawa la urefu wa desimita 14 na upana wa desimita 2 ina eneo la desimita za mraba 28. Ikiwa na betri yake ina uzito wa gramu 900, kila desimita ya mraba inabeba gramu 32. Kwa anayeanza, kiasi kisichozidi gramu 40 kinafaa. Ndege nyingi za sura ya kivita hufika 50 au kuzidi, na hizo hutaka kasi ambayo mkono mgeni hauiwezi.

Umeme, chaneli na rimoti

Injini ndogo za mafuta zina mlio wa kuvutia, lakini hutaka mafuta maalumu yenye methanoli, ambayo si rahisi kuyapata Katavi. Mota ya umeme ni safi, huwaka papo hapo na haihitaji fundi.

Betri zake ni za lithiamu, na hizo zina masharti. Betri ya seli tatu huandikwa volti 11.1 na ikijaa hufika volti 12.6. Seli ikishuka chini ya volti 3 huharibika. Betri isichajiwe bila mtu kuwapo, isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, na ikivimba isitumike tena. Chaja nyingi hukubali umeme wa volti 12, hivyo betri ya gari au ya sola inatosha kuchajia shambani. Anayezisafirisha kwa ndege ya abiria azibebe kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye mzigo wa chini, huku ncha zake zikiwa zimefunikwa.

Kuhusu chaneli, tatu zinatosha kuanza: moja ya nguvu ya mota, moja ya kupandisha na kushusha pua, na moja ya kugeuza kushoto na kulia. Ya nne, inayosogeza mabapa ya nyuma ya mabawa, hufundisha urushaji kamili na hufaa kwa mwenye subira. Rimoti iwe ya masafa ya gigahezi 2.4. Rimoti za zamani za masafa ya megahezi zilikuwa na hatari ya mtu mwingine kuwasha ya kwake kwenye chaneli ile ile na ndege kupotea. Ndege nyingine huja na kifaa cha jairo kinachoisawazisha zenyewe. Ni msaada mzuri kwenye upepo, mradi mwanafunzi ajifunze baadaye kukizima.

Kabla ya kutoa fedha

Bei ya ndege si gharama yote. Mnunuzi ahesabu pia rimoti, chaja, betri mbili, propela tatu au nne za akiba na gundi. Anayebakiwa na fedha za ndege tupu hajafikia bajeti. Programu ya kompyuta inayoigiza urukaji nayo ni ununuzi wenye faida: kuanguka ndani ya kompyuta hakugharimu kitu, na saa kumi za mazoezi hayo huokoa ndege ya kweli.

Lipo pia suala la sheria. Tanzania ina kanuni za mwaka 2018 kuhusu vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani yake, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Wengi hudhani kuwa kanuni hizo ni za droni za kamera pekee. Mnunuzi asiamue mwenyewe. Aulize TCAA kwa maandishi kabla ya kuagiza, aeleze uzito na matumizi ya ndege yake, na kutunza majibu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye makao yake Sitalike, kifaa cha aina hiyo hakirushwi bila kibali.

Hata mwenye ruhusa akae mbali na uwanja wa ndege wa Mpanda na njia za ndege zinazotua na kuruka. Ndege ya gramu 900 ni kitu kidogo mkononi, lakini mbele ya injini ya ndege iliyojaa abiria ni hatari kubwa. Akae mbali pia na nyaya za umeme, barabara, na viwanja vya shule wakati watoto wapo. Mashamba yaliyokwisha kuvunwa, kwa ridhaa ya mwenye shamba, ndiyo uwanja mwema. Majira ya kiangazi, alfajiri kabla upepo haujaamka, ndiyo saa ya kurusha.

Mwanafunzi apande juu kabla ya kujaribu jambo lolote, kwa kuwa kimo ndiyo akiba ya kusahihisha kosa. Akiona ndege inagonga ardhi bila njia nyingine, azime mota kwanza. Hatua hiyo moja huokoa propela, mota na pengine vidole vya aliyekimbilia kuiokota. Spitfire itangoje. Haraka haraka haina baraka, na ndege ya povu iliyojaa viraka ndiyo inayomfikisha mtu huko.