Karanga Zichambuliwe Kabla ya Kusagwa

Katika upande wa vyakula wa soko la Owino, unga wa karanga hurundikwa kwenye mabeseni, rangi yake ya waridi ikitokana na ngozi nyekundu ya punje. Mnunuzi huonyesha kikombe cha tumpeco, muuzaji hujaza, huongeza kidogo juu, biashara imekwisha. Jioni unga huo huwa mchuzi mzito wa kumwagia matooke. Ni ununuzi wa haraka na kwa mtu anayerudi nyumbani amechoka una faida yake. Tatizo ni kwamba punje iliyoota ukungu ikishasagwa pamoja na nzima mia moja, hakuna jicho litakaloitambua tena, na kitunguu na nyanya huficha hata ule uchungu ambao ulimi ungeushtukia.

Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, lilianza mwaka 1971 karibu na uwanja wa Nakivubo. Nje ya Kampala hujulikana zaidi kwa mitumba. Wapishi wa mjini, hata hivyo, hulifuata kwa vyakula vikavu: karanga na ufuta vinavyoshuka kutoka Teso, Lango na Acholi, maharage ya kila rangi, mukene wa Ziwa Victoria, na malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi huko Bugisu. Chakula kikavu kina sifa ya kudumu, na sifa hiyo ndiyo inayowafanya watu wakisahau kabatini. Nacho huharibika, ila hakinuki upesi kama nyama au maziwa.

Adui mkubwa wa karanga ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus. Kuvu hao huishi udongoni, huingia kwenye ganda lililopasuka au kutobolewa na wadudu, na hushamiri karanga zikivunwa wakati wa mvua au zikirundikwa kabla hazijakauka. Dunia iliitambua sumu hii kwa msiba wa ndege: mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza, na chanzo kikagunduliwa kuwa mashudu ya karanga katika chakula chao. Uganda haikuwa mbali na habari hiyo. Mwaka 1967 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Lopez na Crawford uliopima sumukuvu katika karanga zilizokuwa zikiuzwa kwa walaji nchini humo, na mwaka 1971 watafiti wengine wakaihusisha sumu hiyo na saratani ya ini miongoni mwa Waganda. Nchini Kenya, mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliwadhuru watu 317 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake; 125 kati yao walifariki.

Moto wa jikoni hauiondoi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali sumukuvu huhitaji joto linalozidi nyuzi 200 ili ivunjike. Kukaanga hupunguza sehemu yake tu. Kwa hiyo mchuzi uliochemka saa nzima unaweza kuwa mtamu, moto na safi kwa vijidudu, na sumu ikabaki mle mle.

Habari njema ni kwamba sumu hii haisambai sawasawa guniani. Aghalabu hujikusanya katika punje chache: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa, zenye vumbi la kijani au la manjano. Ukiziondoa hizo kwa mkono, umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Hiyo ndiyo sababu ya kununua karanga zikiwa punje, kuzichambua, kisha kuzipeleka mashineni. Mashine za kusaga zipo pale pale sokoni, na hakuna anayemkatalia mteja kusagiwa karanga zake mwenyewe. Asimame aone zikiingia.

Kuchambua kunakofaa zaidi hufanyika mara mbili. Kwanza karanga zimwagwe kwenye ungo mweupe au sinia, mahali penye mwanga wa mchana, zitolewe mbovu zote. Kisha zikaangwe bila mafuta kwa moto mdogo, zikigeuzwa kwa mwiko bila kuachwa, mpaka ngozi ianze kuachia na harufu ijae jikoni. Zikipoa kidogo zifikichwe kwa viganja na kupepetwa. Punje zikiwa uchi, doa la kahawia ambalo ngozi nyekundu ililificha huonekana wazi, na hapo ndipo uchambuzi wa pili unapoanza. Inayong'atwa ikawa chungu itemwe. Na zile zilizotolewa zitupwe kabisa, zisipewe kuku: kuku naye hudhurika, na sumu yaweza kupitia kwake ikaingia kwenye mayai.

Mpishi anayependa unga wa karanga mbichi, ule wa mchuzi wa waridi wa Kiganda, aruke kukaanga lakini asiruke kuchambua. Ubichi huo pia una masharti yake wakati wa kuhifadhi. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na mafuta hayo yakishapata hewa kupitia unga huanza kuchacha. Unga wa wiki moja unatosha. Uwekwe kwenye chombo cha kioo chenye kifuniko cha kukaza, mbali na jiko na dirisha. Karanga nzima, kavu za kuvunjika kwa mlio zikibanwa kwa meno, hukaa miezi kadhaa.

Kwenye sufuria, unga ukorogwe kwanza kwa maji baridi hadi ulainike kama uji mwepesi, ndipo upelekwe motoni. Ukimwagwa kwenye maji yanayochemka hufanya madonge ambayo hayavunjiki tena. Moto uwe wa wastani na sufuria iachwe wazi, kwa kuwa mchuzi huu hupanda na kufurika ghafla. Uko tayari mafuta yanapojitenga juu na ladha ya ubichi kwisha. Anayetaka kuubadilisha afuate njia ya kaskazini: ufuta uliokaangwa na kusagwa pamoja na karanga hutoa odii, uji mzito wa Waacholi na Walango, na kijiko kimoja chake hugeuza sufuria ya mboga za majani kuwa mlo wa mgeni. Njia nyingine ni luwombo, mchuzi wa karanga na kuku au samaki wa moshi uliofungwa ndani ya jani changa la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Simulizi za Buganda humtaja Kawuuta, mpishi wa Kabaka Mwanga, kuwa ndiye aliyeuanzisha mwaka 1887.

Mukene nao, ambao Mwanza na Kisumu ni dagaa na omena, ni ndugu wa karibu wa mchuzi huu. Walioanikwa kwenye chanja juu ya ardhi hung'aa fedha na hawana mchanga. Walioanikwa chini hukwaruza meno hata wakioshwa. Waoshwe kwa maji ya vuguvugu, wakaushwe, wakaangwe kavu hadi wakakamae, kisha waingie mchuzini dakika za mwisho. Kwa kuwa ni samaki wa mafuta, wakigeuka manjano na kunuka mafuta ya zamani hawafai tena.

Maharage yana adui tofauti. Fukusi mara nyingi hutoka nayo shambani, kama mayai yasiyoonekana, na baada ya mwezi mmoja au miwili vitundu vya mviringo hutokea. Dawa iliyo rahisi kuliko zote ni dumu. Lioshwe, likaushwe kabisa hata ndani, lijazwe maharage makavu hadi shingoni na kifuniko kikazwe. Wadudu humaliza hewa iliyomo na kukosa pumzi. Wazo hilo hilo ndilo lililotumiwa kutengeneza mifuko ya tabaka tatu ya Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ambayo utafiti wake ulianza miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde za Cameroon na sasa huuzwa Uganda pia. Dumu likifunguliwa kila siku, hewa hurudi na kazi hupotea. Afadhali kuteka ya wiki nzima kwa mara moja.

Kwa maharage machache yasiyojaza chombo, kuna njia iliyochapishwa na watafiti wa Marekani mwaka 1991, na inastahili kujulikana kuliko inavyojulikana. Chombo kilichojaa nusu kilazwe na kuviringishwa mzunguko mmoja asubuhi na mmoja jioni. Buu aliyetoka yaini huhitaji karibu siku nzima kutoboa punje ngumu, tena akijiegemeza kwenye punje ya jirani apate nguvu. Punje zikihama, egemeo limeondoka, naye huanza upya mahali pengine mpaka achoke na kufa.

Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva, na kwa bei ya mkaa Kampala hilo ni hasara ya kweli. Yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika 10 kabla moto haujapunguzwa, kwani maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka punje ibonyezeke kati ya vidole viwili. Uchachu wake hukaza maharage yasiyoiva, na sigiri ikaendelea kula mkaa hadi usiku.