Mbao Ije Mwisho

Mtu wa Manzese akijibana miaka, hatimaye akapata kiwanja Kimbiji cha kujengea nyumba ya mapumziko itakayojificha kati ya minazi, swali lake la kwanza kwa fundi huwa la mbao: tuvike mninga au msonobari? Naona swali hilo linawahi mno. Nyumba haipotei kati ya minazi kwa kuvishwa mbao. Inapotea kwa umbo.

Na umbo hilo mwenyewe analo mtaani. Nyumba kongwe za Manzese ni za Kiswahili: fupi, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Na chumba kiwe chembamba: kwenye nyumba za mawe za Lamu na Unguja, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mkoko, mita 3 hivi au pungufu. Chumba chembamba hupitisha upepo, na paa lake halilazimiki kupanda juu ya miti. Ghorofa la kioo halifichiki hata ulivike msitu mzima.

Kisha mahali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wengi huiona kero. Mimi naiona neema, maana mivinje iliyoachwa hapo ndiyo pazia la nyumba.

Sasa mbao. Adui wa kwanza ni msumari. Tazama ubao uliopigiliwa msumari wa kawaida pwani: chini ya kila kichwa kuna mchirizi wa kutu, kama chozi la wanja. Tumia wa chuma cha pua, bei yake ikuume mara moja. Mtiki, kama ule wa Longuza kule Muheza, huvumilia mchwa bila dawa; msonobari lazima utiwe dawa. Ubao usigandamane na ukuta: tanguliza papi, hewa ipite nyuma, na ncha ya chini iwe shibiri moja juu ya ardhi.

Vanishi achana nayo. Jua na chumvi huibambua, kila mwaka unarudi na msasa. Ubao ulioachwa hivihivi hupauka, ukafanana na gamba la mvinje, na hapo ndipo nyumba inapoanza kupotea kweli.

Kabla hujaenda kuulizia bei ya mbao, mchukue fundi mwezi wa Julai, kusi likivuma, mkakae kiwanjani mchana kutwa.