Boti ya chupa inayokwepa ukingo: tulivyoiunda Nyeri

Likizo hii nilikuwa Nyeri kwa dada yangu. Mwanawe wa Gredi ya 7 alikuwa na kazi ya shule: aunde chombo kinachojiongoza, kwa vitu vilivyokwisha kutupwa. Wazazi wengine walikuwa washaagiza vya dukani, vikiwa vimeungwa tayari. Yeye alitaka boti. "Mjomba, wewe si mtu wa pwani?" Basi ningekataaje?

Tuanze na kinachoonekana kigumu, nacho ndicho chepesi. Kihisi tulichotumia ni kile kidogo chenye macho mawili, HC-SR04. Jicho moja hutoa sauti ya herzi 40,000, ambayo sikio la mtu haliwezi kuisikia. La pili husubiri mwangwi, kama afanyavyo popo gizani. Sauti hewani husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 3, sauti imekwenda na kurudi kama mita moja, kwa hivyo ukingo uko nusu mita mbele. Baridi ya Nyeri hupunguza kasi ya sauti kidogo, lakini kwa umbali huo kosa halifiki sentimita moja. Tukaachana nalo.

Bodi ya Arduino husoma muda huo na kuamua. Programu yake haina maajabu: kukiwa na kitu karibu kuliko sentimita 50, mota ya kulia isimame, ya kushoto iendelee, na boti itageuka kulia.

Mota mbili zilitoka kwenye magari mabovu ya kuchezea. Usiziunge moja kwa moja na bodi. Pini moja ya bodi ni ya kutoa miliampia 20 hivi, ilhali mota hutaka mamia inapoanza kuzunguka. Katikati weka kibodi cha kuendeshea mota. Hata hivyo siku ya kwanza bodi ilikuwa ikizima na kuwaka kila mota zikianza, kwa sababu zilinyonya umeme wote. Tukaipa bodi betri yake na mota zake, huku waya za hasi za pande zote mbili zikiwa zimeunganishwa. Fundi mmoja alitupa betri za laptop kuukuu. Nilizirudisha. Hizo zikitobolewa au zikiungwa vibaya huwaka moto, na huo si mchezo wa mtoto.

Feni tulizikata kwenye chupa na kuziweka zivute hewani, si majini. Hivyo hapakuwa na tundu chini la kuvuja.

Halafu tukaishusha kwenye karai, ikapinduka papo hapo! Hapo kompyuta haikuwa na la kusema. Chupa moja ya lita mbili huelea vizuri, lakini ni mviringo, na ukiweka mzigo juu yake hubingirika. Nikamweleza ngalawa ilivyo na matengo yake, na kwa nini nahodha huweka farumi chini kabisa. Tukafunga chupa mbili mbalimbali, betri zikashuka katikati yao ndani ya mkebe, na pale pa kuunganishia tukapakalafati kwa mpira wa kandambili na gundi. Huko Lamu mafundi waliunda jahazi zima kwa plastiki iliyotupwa, Flipflopi, lililoshushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Letu lilikuwa la sentimita 40.

Msomaji wa pwani asidhani haya ni ya bara peke yake. Maji ya Chania na Gura huishia Sagana, Sagana ikawa Tana, na Tana humwagika Kipini. Kihisi cha namna hiyohiyo kikifungwa juu ya mto kikitazama chini hupima kina: maji yakipanda, mwangwi huwahi kurudi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, hapo hapo Nyeri, wamevitumia kwenye mto Muringato. Kwa familia za Tana River zilizohamishwa na mafuriko ya 2024, kujua mapema maji yamepanda kiasi gani huko juu si jambo la kuchezea.

Mtoni hatukwenda, mkondo ungeibeba boti na pengine mtoto pia. Tulikwenda kwenye bwawa la samaki la jirani. Upande wa ukuta wa zege iligeuka kila mara. Upande wa majani ilijipachika moja kwa moja, kwani majani laini hayarudishi mwangwi vizuri. Kijana aliandika hilo kwenye daftari, kisha akaongeza nyaya mbili laini mbele, kama sharubu za kambare. Zikigusa kitu, swichi inafunga na boti inageuka. Bado moja inakwama.