Pasi Ikinaswa, Nani Alaumiwe?

Katika futiboli ya Marekani, pasi ikinaswa na wapinzani, takwimu humwandikia kwotabeki aliyeirusha. Haijalishi kama mpokeaji ndiye aliyekimbilia kusikotakiwa. Uchungu mwingi kati ya kwotabeki na wapokeaji wake huanzia hapo.

Mtazamaji akiuona mpira umetua mahali pasipo na mtu, hudhani aliyerusha amekosa shabaha. Mara nyingi sivyo. Makocha humwachia mpokeaji hiari: akifika umbali fulani, amsome beki anayemkabili. Beki akirudi nyuma, mpokeaji asimame na kugeuka. Beki akimsogelea, ampite mbio. Kwotabeki naye anamsoma beki huyohuyo, na hulazimika kuuachia mpira kabla mwenzake hajageuka, maana akichelewa sekunde moja tu ataangushwa. Wakisoma tofauti, pasi imekwenda na maji. Sisi wa nje hatuwezi kujua nani kakosea. Wanajua wao na kocha wao.

Msimu wa 2022 wa Green Bay Packers unalieleza jambo hili vizuri. Kwotabeki wao, Aaron Rodgers, alikuwa ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya NFL mara mbili mfululizo, 2020 na 2021. Machi 2022 klabu ikampeleka Las Vegas Raiders Davante Adams, mpokeaji aliyedaka pasi 123 msimu uliotangulia. Wawili hao walicheza pamoja tangu 2014, na walielewana kwa kutazamana tu. Miongoni mwa waliotarajiwa kuziba pengo ni vijana wawili waliotoka chuo mwaka huohuo, Christian Watson na Romeo Doubs.

Uelewano wa namna hiyo hujengwa mazoezini, kwa kurudia njia ileile mpaka miguu na mkono vizoeane. Rodgers hakuhudhuria mazoezi ya hiari ya majira ya kuchipua. Kanuni zilimruhusu. Lakini Agosti akawasema vijana hadharani kwa kuangusha mipira na kukosea njia, na Oktoba, baada ya kufungwa 23-21 na Washington, akasema kwenye kipindi cha Pat McAfee kwamba wanaokosea mno hawafai kuwa uwanjani.

Makosa yalikuwepo kweli. Katika mchezo wa kwanza dhidi ya Minnesota, Watson alimtoka beki, pasi ikamfikia sawasawa, ikamponyoka. Bao la yadi 75 likapotea. Hilo halina ubishi. Hata hivyo Rodgers mwenyewe, aliyecheza sehemu kubwa ya msimu na kidole gumba kilichovunjika, alinaswa pasi 12, nyingi kuliko msimu wake wowote tangu 2008. Kumwajibisha kijana ni haki ya kiongozi. Kumwajibisha hadharani, kwa makosa ambayo mengine yangerekebishwa Mei na Juni, ni kumtwisha mzigo ambao nusu yake si wake.

Novemba, dhidi ya Dallas, Watson alidaka pasi tatu za mabao, zote kutoka kwa Rodgers, na Packers wakashinda 31-28. Kufikia hapo walikuwa wamepoteza michezo mitano mfululizo. Walimaliza na ushindi 8 na vipigo 9, wakakosa mchujo. Kwa hesabu yangu lawama ni ya pande zote mbili, na fungu kubwa ni la mkongwe.